Goma: dawa za TB zikiisha, mapafu nani atayashughulikia?

Hapa Goma, ukisema unaenda kwa kinezi, jirani anauliza mara moja: umevunjika wapi? Kazi hiyo tunaijua kwa mifupa na kwa majeruhi wa risasi. Lakini kifua pia ni kazi yao, na hapo tunawaacha watu wengi wakihangaika.

Mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa kwa miezi sita. Makohozi yakipimwa na kuonekana safi, anaandikwa amepona. Vijidudu vimekufa, ndiyo. Ila pafu lililoharibika halirudi kuwa jipya: makohozi yanajaa ndani, na mtu akipanda kutoka ziwani hadi Majengo anasimama mara tano. Nyumbani mbabula ya makala inamngoja, njiani vumbi la mawe ya volkano. Majirani wanasema TB imerudi. Wengine wanasema sumu, na pesa zinaishia kwa waganga wa kienyeji.

Kampala walijaribu njia nyingine, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2017. Watu waliopona TB lakini wakabaki na mapafu mabovu walifanya mazoezi mara mbili kwa juma, kwa majuma sita. Mwishoni walitembea mbali zaidi kuliko mwanzo.

Kutoa makohozi nako hakuhitaji mashine. Mgonjwa anakaa wima, anavuta hewa polepole kwa pua, anaishikilia sekunde mbili tatu, kisha anafungua mdomo na kuisukuma nje, «haa», kama anayetia ukungu kwenye kioo. Mwingine analazwa ubavu ili makohozi yateremke. Upande gani, kinezi ndiye anaamua. Anayetema damu amuone daktari kwanza, na kikohozi ambacho hakijapimwa kiende maabara kabla ya zoezi lolote.

Najua jibu nitakalopewa: hakuna pesa. Kweli, mji ulipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki na uwanja wa ndege vilifungwa. Kwa oksijeni sababu hiyo ina uzito. Kwa kiti kimoja na nusu saa ya muuguzi aliyefundishwa na kinezi, siuoni.

Mgonjwa tayari anakuja kituoni kuchukua dawa zake. Mwezi wa tano, kabla hajaandikwa amepona, afundishwe kupumua, hapo nje uani penye hewa, na jamaa mmoja wa nyumbani akiangalia.