Mlango wa Chuo Kikuu na Mipaka ya Sheria

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vyuo vikuu visiitumie rangi ya mwombaji kuwa kigezo cha kumpokea. Wapo wanaodhani kwamba jitihada za kuwakutanisha vijana wa asili mbalimbali zimezikwa hapo. Sisi hatukubali. Sheria na itiiwe. Lakini hukumu hiyohiyo inamruhusu mwombaji aeleze jinsi rangi yake ilivyogusa maisha yake, mradi apimwe yeye mwenyewe.

Jimbo la Texas, ndugu wasomaji, lilitunga sheria mwaka 1997 ya kuwapokea katika vyuo vyake wanafunzi walio katika asilimia 10 bora ya kila shule ya sekondari, iwe ya matajiri au ya maskini. Njia hiyo inafaa, twasema kwa uchungu, kwa kuwa shule zenyewe bado zimetengana.

Linalotusikitisha zaidi ni upendeleo kwa watoto wa waliosoma chuoni hapo zamani. Huo mahakama haikuufuta. California iliupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2024, hata katika vyuo vya binafsi. Vyuo vingine vinangoja nini kuuacha, hali hakuna sheria inayovilazimisha kuushika?