Sanduku la Roboti Si Mwalimu

Kuna imani iliyoota mizizi kwa wazazi na wakuu wa shule, tangu Jinja hadi Mbale: mtoto akinunuliwa seti ya roboti, atajua tu kuandika programu. Imani hiyo ni potofu, na inatupotezea fedha na watoto.

Tazama seti hizo zinavyotumika. Mtoto hufungua sanduku, hufuata michoro ukurasa kwa ukurasa, hupakia programu iliyokwisha kuandikwa, kigari kikatembea. Wazazi hushangilia, picha hupigwa, kisha roboti hufungiwa kabatini isije ikaharibika. Mtoto huyo amejifunza kufuata maelekezo tu.

Uandishi wa programu hufundishika pale mambo yanapokataa. Chukua kihisi kinachopima umbali kwa sauti. Kinatoa mlio, kinangoja mwangwi, muda unahesabiwa. Sauti imekwenda na kurudi, kwa hiyo jibu sharti ligawanywe kwa mbili. Mtoto akisahau kugawanya, kigari kitaamini ukuta uko mbali maradufu, kiugonge. Mwacheni alisake kosa mwenyewe. Akilipata, amesoma, mkimwonyesha, mmemnyang'anya somo.

Na anayedai kwamba pasipo seti hakuna somo, asome historia. Seymour Papert, mmoja wa waliobuni lugha ya programu ya Logo mwaka 1967, aliwataka watoto wajifanye kobe, roboti aliyeamriwa kwa lugha hiyo, na kutembea hatua zake kwa miguu yao. Somo hilo linawezekana leo kwenye uwanja wa shule yoyote ya Mbale: nenda hatua kumi, geuka kulia, rudia mara nne. Mmoja aamuru, mwenzake atii neno kwa neno. Asiporudi alipoanzia, amri ina kosa, irekebishwe.

Sivipingi vifaa. Bodi ya kielektroniki ya Arduino, iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, michoro yake iko wazi, ndiyo maana nakala zake huuzwa kwa bei nafuu. Bodi moja, waya mbili na king'ora kidogo vinatosha kumlinda mkulima wa Mlima Elgon aliyeanika kahawa: tone la mvua likiunganisha waya, king'ora kinalia. Umande wa alfajiri utakiliza bure, na hapo mtoto atalazimika kufikiri: maji kiasi gani ndiyo mvua? Swali hilo halimo kwenye kijitabu cha seti yoyote.

Jinja, mji wa viwanda, hauhitaji kuhubiriwa kwamba mashine pasipo ujuzi hazitoshi. Waasia walipofukuzwa Uganda mwaka 1972, mashine zilibaki, lakini mitaji, vipuri na ujuzi vikapungua, na viwanda vikadorora. Hata sanduku lina kiama chake: LEGO ilizindua seti ya roboti ya Mindstorms mwaka 1998, ikasitisha kuiuza mwishoni mwa 2022. Shule iliyotegemea sanduku pekee inabaki na plastiki.

Kwa hiyo, wakuu wa shule, kabla ya kununua seti ya pili, gharimieni mafunzo ya mwalimu mmoja. Waruhusuni watoto wafungue, wakosee, hata waunguze bodi. Nawe mzazi, siku ya kutembelea shule usiridhike na kigari kinachotembea. Muulize mwanao: muhula huu umekamata kosa gani, na ulilijuaje? Akikosa jibu, dai kwa mwalimu mkuu somo ulilolilipia.