Motokaa ya Kujaribiwa

Siku hizi karibuni mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema: “Mwalimu, kila siku twaona malori yakipakia kobalti na kuondoka Kolwezi. Watu husema hutumika kuundia motokaa za umeme. Mbona baba yangu, aichimbaye, hajapata hata kuiona moja?” Wenzake walicheka, bali yeye hakucheka. Tulimwahidi jibu, na ahadi ni deni.

Na tuanze mbali kidogo. Mwaka 1990 serikali ya jimbo la California, huko Marekani, ilichoshwa na moshi wa magari. Ikayaamuru makampuni makubwa kwamba ifikapo mwaka 1998, katika kila motokaa 100 watakazouza humo, 2 ziwe hazitoi moshi kabisa. Kampuni ya General Motors ikaunda motokaa ndogo ya watu wawili, iitwayo EV1. Haikuwa na tangi la petroli wala bomba la moshi. Betri zake za kwanza zilikuwa za risasi, kama zile tuzijuazo katika malori, na uzito wake wote ulikuwa karibu nusu tani.

Lakini motokaa hiyo haikuuzwa. Tangu mwisho wa mwaka 1996 watu wa California na Arizona waliikodi kwa mkataba. Dereva alilipa kila mwezi na kuiendesha, na kampuni ikajifunza kutokana na safari zake. Zote pamoja ziliundwa 1,117 tu. Wengi waliozikodi walizipenda mno. Hata hivyo kampuni iliona hazina faida, ikaacha kuziunda mwaka 1999, na amri ya serikali nayo ikalegezwa. Mikataba ilipokwisha, magari yakadaiwa. Wako madereva walioomba kuyanunua kwa fedha taslimu, wakakataliwa. Mwaka 2003 wakakusanyika katika makaburi ya Hollywood, wakaifanyia motokaa yao mazishi kama ya mtu. Nyingi zilipondwapondwa, chache zilipewa majumba ya makumbusho na vyuo, zikiwa zimelemazwa zisiweze kwenda.

Hatusemi kwamba kampuni ilivunja mkataba. Mkataba ulikuwa wazi: dereva ana usukani, ila gari si lake. Wazee walisema, mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Majaribio ya namna hiyo yamefika hata kwa jirani zetu. Mwezi wa Oktoba 2019 makampuni ya Volkswagen na Siemens yalianza kujaribu motokaa za umeme mjini Kigali, nchini Rwanda. Walianza na e-Golf 4 na kituo kimoja cha kutilia umeme, wakikusudia kufikia motokaa 50 na vituo 15. Ni jambo jema. Lakini mwisho wa mwaka 2020 e-Golf yenyewe iliacha kuundwa huko Ujerumani. Mwenye kiwanda ndiye aamuaye.

Sasa turudi nyumbani. Betri nyingi za motokaa za siku hizi huhitaji kobalti, ambayo husaidia betri kudumu na kutopata moto upesi. Yapata sehemu 70 katika kila 100 za kobalti ya dunia nzima huchimbwa katika Kongo yetu, hasa katika Lualaba na Haut-Katanga. Hata umeme tumeuona ukija: tangu miaka ya 1980 waya mkubwa wa kilometa 1,700 hivi huuleta kutoka Inga hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi, ukipita juu ya vijiji vingi visivyo na taa hata moja. Tena, mwezi wa Juni 2019, miezi minne tu kabla ya majaribio ya Kigali, udongo uliporomoka katika mgodi wa Kamoto, hapa kwetu, ukawaua wachimbaji zaidi ya 40. Huko walijaribu magari. Hapa watu walijaribu kuishi.

Wengine watasema: “Haidhuru, madini ni yetu, watarudi tu kutuomba.” Tusijidanganye. Viwanda, hasa vya China, huunda pia betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti hata chembe, na magari mengi sana hutumia betri hizo. Bei ya kobalti ilishuka vibaya, hata mwezi wa Februari 2025 serikali yetu ikasimamisha kuipeleka nje. Tangu Oktoba mwaka huo ikaweka mgao. Mwenye ghala aweza kufunga mlango ili bei ipande. Hawezi kumlazimisha mnunuzi abishe hodi.

Je, katika EV1 hakikubaki kitu? Kilibaki. Mhandisi Alan Cocconi, aliyesaidia kuunda gari la mfano lililoitangulia, alikuwa na kampuni yake ndogo. Humo aliunda motokaa nyingine ya umeme, na hiyo iliwavuta wale walioanzisha kampuni ya Tesla mwaka 2003. Tazameni: mwaka uleule magari yalipokuwa yakirudishwa, maarifa yalikuwa yamekwisha kutoka nje ya ua. Gari hudaiwa likarudi. Kilichomo kichwani hakidaiwi.

Wazazi wapendwa, hapo ndipo swali la kijana yule linapotugusa. Mtoto akitolewa darasani akaoshe mawe mtoni, nyumba hupata unga wa siku chache. Hatuwalaumu wenye njaa. Twajua kwamba ingawa mwaka 2019 ilitangazwa kuwa shule za msingi za serikali ni bure, daftari, viatu na chakula havijawa bure. Lakini mtoto yule anaikodisha nguvu yake kama EV1 ilivyokodishwa, na siku mnunuzi akiacha kuja, atabaki mikono mitupu. Mtoto ajuaye hesabu, kemia na kazi ya umeme atakuwa na mali yake mwenyewe, hata kobalti ikikosa mnunuzi.

Nawe kijana wetu, jibu ndilo hili. Baba yako hajaiona motokaa ile kwa sababu sisi tumeuza jiwe, na wenzetu wameshika maarifa. Kesho uje na daftari yako. Tutafungua betri kuukuu, tutazame pamoja ndani mna nini.