Kilichofichika chini ya reli



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo, wazazi na walezi wenzetu, juma hili tunazungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona ni mchezo mtupu: namna ya kutandika reli ya mfano juu ya ubao, kazi waliyoifanya vijana wa madrasa yetu hapa Kigongo katika siku za likizo.

Jambo hili lilizua mjadala ndani ya kamati ya msikiti. Walikuwapo wazee wetu walioona kuwa chumba cha madrasa si mahali pa vitu vya kuchezea. Hoja yao ilikuwa nzito, kwani wakati wa mtoto ni amana, na sisi ndio tutakaoulizwa jinsi tulivyousimamia. Wengine wakasema kwamba mtoto wa Kigongo amekua akilitazama daraja la kwenda Busisi, la takriban kilomita 3, likiinuka juu ya maji ya ziwa hadi likafunguliwa Juni 2025. Aidha, katika wilaya yetu hii ya Misungwi ndipo lilipowekwa, Juni 2021, jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye jumla ya kilomita 341 pamoja na njia za kupishania. Mambo makubwa yanajengwa mlangoni mwake; je, abaki kuwa mtazamaji tu? Tukaafikiana kuwa kazi ifanyike Jumamosi baada ya Adhuhuri, wavulana na mabinti kila kundi na ubao wake, na adhana ya Alasiri ikisikika, zana ziwekwe chini.

Kwanza hutafutwa ubao ulionyooka. Ubao uliopinda hauna dawa, kwa sababu kila kitakachowekwa juu yake kitafuata upindaji wake. Kisha huchorwa kwa penseli mstari mmoja, nao ni mstari wa katikati ya njia. Hapo mtoto huharakia kubandika reli papo hapo, na hapo ndipo mlezi anapopaswa kumzuia. Reli haiwekwi juu ya ubao mtupu. Chini yake hutandikwa tandiko laini, na sisi tulitumia soli za ndala zilizochakaa, zilizooshwa na kukaushwa.

Soli hukatwa vipande virefu vyembamba, na kila kipande hupasuliwa katikati kwa urefu. Nusu mbili hubandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, moja kila upande wa mstari wa penseli, zikikutana juu ya mstari huo. Faida ya kupasua huonekana kwenye kona: kipande kizima hujikunja na kuinuka, ilhali nusu mbili hupinda kwa urahisi. Hushikizwa kwa pini mpaka gundi ikauke usiku mzima, kisha sehemu ya juu husuguliwa kwa msasa hadi kiganja kikipita kisihisi kipandio.

Juu ya tandiko hupangwa mataruma, yaliyochongwa kwa vijiti vya mianzi, na juu ya mataruma hulazwa reli mbili za waya mnene. Upana baina ya reli usikadiriwe kwa macho. Reli ya kisasa ina upana wa milimita 1,435, na reli ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928 ina milimita 1,000. Ukiipunguza ya kwanza mara 87, kipimo kinachotumiwa sana na watengenezaji wa reli za mfano duniani, utapata milimita 16.5. Vijana walichonga kijiti chenye mikato miwili iliyoachana kwa kipimo hicho, wakawa wanakipitisha kila baada ya taruma chache. Somo la hesabu la mgawanyo, ambalo baadhi yao hulikimbia darasani, hapa walilidai wenyewe.

Mambo matatu yazingatiwe. Maungio ya reli yasiangukie juu ya maungio ya tandiko, ili udhaifu wa pande mbili usikutane mahali pamoja. Baina ya reli na reli iachwe nafasi ndogo, kwani chuma hutanuka kwa joto, na kikikosa nafasi hupinda. Na msumari usigongwe hadi mwisho, kwa sababu ukizama mno hulikunja taruma na kuzivuta reli zikaribiane. Kabla ya kukaza kila kitu, sukumeni behewa kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Likiruka mahali, rekebisheni mahali hapo kwanza.

Mwisho huja kokoto. Mwanza ni mji wa miamba, na palipo na mwamba wapo kina mama wagonga kokoto, ambao chenga na vumbi lao halina mnunuzi. Chenga hizo huchekechwa kwa chujio la chai, hunyunyizwa baina ya mataruma, hulowanishwa kwa maji yenye tone la sabuni, kisha hudondoshewa gundi iliyozimuliwa. Sabuni huisaidia gundi kupenya hadi chini. Ikikauka, mtoto hujaribu kuisogeza njia kwa kidole nayo haisogei.

Hapo ndipo tulipowauliza: kokoto zile zina kazi gani katika reli ya kweli? Wengi walidhani ni pambo. Ukweli ni kwamba kokoto hupokea uzito wa treni kutoka kwenye mataruma na kuusambaza ardhini, huyazuia mataruma yasiteleze, na hupitisha maji ya mvua yasituame. Zikichotwa upande mmoja kwa ajili ya ujenzi wa nyumba, taruma hubaki bila mshiko. Kifungio kikichomolewa na kuuzwa kama chuma chakavu, reli hulegea mahali ambapo dereva hawezi kupaona kwa mbali. Wizi wa aina hii umekuwa ukilalamikiwa nchini kwa miaka mingi. Mtoto aliyelaza taruma moja moja kwa mkono wake anaelewa, bila kuhubiriwa sana, kuwa kokoto zile zimebeba roho za watu.

Umma huu, tena, si mgeni wa reli. Mwaka 1900 Sultani Abdulhamid II aliagiza kujengwa kwa reli ya Hijaz kutoka Damascus, nayo ikafika Madina mwaka 1908, takriban kilomita 1,300. Michango ilitoka kwa Waislamu wa nchi nyingi, kuanzia masultani hadi mafukara, na wengi waliihesabu kuwa ni wakfu. Inasimuliwa kwamba treni ilipokaribia Madina, chini ya reli paliwekwa sufi nzito ili kupunguza kishindo, kwa kuuheshimu mji wa Mtume (s.a.w.). Vijana walipoisikia simulizi hiyo walizikumbuka ndala zao, kwa kuwa tandiko laini katika reli ya mfano hufanya kazi hiyo hiyo ya kunyamazisha mtetemo. Adabu imo hata mahali ambapo jicho halifiki.

Sura ya At-Tawba, katika aya ya 109, inatulinganishia aliyejenga msingi wake juu ya ucha Mungu na aliyejenga ukingoni mwa genge linalomomonyoka. Nasi tumefundishwa kuwa Mwenyezi Mungu humpenda mja anayeifanya kazi yake kwa ukamilifu. Wazee waliokuwa na shaka wameomba ubao uendelee kukaa madrasani, kwa sharti kwamba saa za darsa zisiguswe. Sharti hilo tumelipokea.

Wazazi, gharama ya kazi hii ni ndogo: ubao, gundi, waya, na ndala zilizokwisha kutupwa. Kilicho adimu ni saa mbili za baba au mama kuketi sakafuni pamoja na mwanawe bila simu mkononi. Anzeni na kipande cha urefu wa mkono mmoja. Msisitizeni mtoto asubiri gundi ikauke kabla ya kulaza reli. Na atakapouliza kwa nini ahangaikie tandiko ambalo halitaonekana, mjibuni kwa utulivu, kwani swali hilo atalikuta tena ukubwani katika kila kazi atakayoaminiwa.

Wabillahi tawfiq.