Mtaalamu wa wanyama apitie kwanza shambani

Sisi wakulima wa kando ya Virunga tumezoea: gari la mtaalamu wa wanyama linapita, linatuachia vumbi. Anaenda kwa ngagi, kwetu hasimami. Tunaona hapo ndipo kazi yake inaharibika, na mfano tunao kwa majirani.

Kule Bwindi, Uganda, mwaka wa 1996 ngagi walianza kunyonyoka manyoya. Daktari wa wanyama, Mama Gladys Kalema-Zikusoka, akakuta ni upele. Mtoto mmoja wa ngagi akafa, wengine wakapona kwa dawa. Ilionekana upele umetoka kwa watu: ngagi walikuwa wakiingia mashambani na kugusa nguo chafu zilizovalishwa sanamu za kufukuza wanyama. Pale akaelewa kwamba ukitibu ngagi na kumuacha mkulima na upele wake, bado hujatibu kitu.

Basi mwaka wa 2003, yeye na wenzake wakaanzisha shirika la kuangalia afya ya watu na ya wanyama pamoja. Baadaye akaanzisha biashara ya kahawa, inayowalipa wakulima wa kando ya pori zaidi ya bei ya soko, ili njaa isiwasukume msituni.

Kahawa hata sisi tunayo. Upele nao tunaujua. Kwa hiyo, mtaalamu akija, koperative imuite kwenye mkutano kabla hajapanda mlima: atuulize nani anaumwa, shamba gani limeliwa. Na akimaliza utafiti, arudi atuambie alichokiona. Kulinda pori bila sisi ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.