Baharia wa Maji Baridi

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa naye ana wajukuu, alinijia nyumbani Ujiji akiwa amenuna. Alikuwa amekwenda Pwani kuomba kazi melini. Karani alisoma maelezo yake, akacheka: "Mzee, wewe si baharia. Baharia hutoka baharini. Wewe ni mtu wa boti za ziwani." Akaniuliza, "Mwalimu, basi miaka yote ile mimi nilikuwa nani?"

Swali hilo limenikosesha usingizi, nami namjibu karani yule na wenzake wengi.

Ni kweli, baharia limetokana na bahari, na bahari tumeipata kwa Waarabu, wanaosema bahr. Lakini Waarabu hao hao huita bahr hata mto mkubwa. Mto Nile wameuita hivyo, na Bahr el Ghazal ya Sudan Kusini ni mto usio na chumvi. Ziwa nalo huliita buhaira, yaani bahari ndogo. Chumvi hiyo karani ameitoa wapi?

Isitoshe, maneno husafiri. Nahodha ni neno la Kiajemi, maana yake bwana wa chombo; leo timu ya mpira ina nahodha na hakuna anayemuuliza jahazi lake liko wapi. Rubani alikuwa kiongozi wa vyombo majini. Leo anarusha ndege. Rubani amepanda mawinguni, baharia anakatazwa kufika Kigoma!

Tuitazame kazi yenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake hufika karibu meta 1,470. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Walioshika usukani wake, waliohudumia mitambo yake, waliotia nanga usiku wa dhoruba, tuwaite wapagazi? Anayezama hapa hazami nusu.

Siku hizi vijana humwita baharia kila mwanamume mjanja mwenye wanawake wengi. Sikatai neno lisafiri. Nakataa lifike hadi kwa mhuni, kisha linyimwe mwenye kazi.

Tena hili si ugomvi wa kamusi tu. Asiyehesabiwa kuwa baharia hatafundishwa kama baharia, hatalipwa kama baharia, na hakuna atakayeuliza kama alipewa jaketi la kuokolea maisha. Ukimpokonya mtu jina la kazi yake, umeanza kumpokonya na haki yake.

Nilimwambia mwanangu yule: rudi, jaza fomu tena. Palipoandikwa "kazi", andika baharia, kwa herufi kubwa. Karani akicheka, mwambie aje kwetu avuke ziwa upepo ukichafuka. Akifika ng'ambo salama, atajua mwenyewe aliyemvusha aitwe nani.