Mwigizaji Hafilisiwi na Baa

Mwigizaji maarufu akionekana pichani amelala hospitalini, na chini ya picha pakaandikwa namba ya simu ya kuchangia, mahakimu wa mitaani hawakawii. "Hela zote alikula na wanawake." "Alipokuwa juu mbona hakujenga?" Hukumu inatoka kabla mgonjwa hajapimwa presha. Imani hii imeota mizizi kuanzia vijiweni hadi redioni: msanii anayekufa maskini amejitakia, kwa sababu pesa alizipata akazichezea.

Ni imani ya uongo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba inawafaa sana wale waliobaki na hizo pesa.

Tuanze na kesi inayoonekana kuipa nguvu kuliko zote. Bela Lugosi, mtu aliyeipa dunia sura ya Dracula, alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Lugos, ambao wakati huo ulikuwa Hungaria na leo uko Romania. Alioa mara tano. Alipenda karamu. Akawa mtumwa wa mofini, na akamalizia maisha yake katika filamu za bei chee za Ed Wood, mwongozaji anayetajwa mara nyingi kuwa mbovu kuliko wote waliopata kupita Hollywood. Alipofariki Agosti 16, 1956, alizikwa na joho la Dracula. Anayetafuta ushahidi kwamba wasanii hujimaliza wenyewe hatapata shahidi mzuri zaidi. Basi daftari lake la mapato lifunguliwe.

Lugosi alimcheza Dracula jukwaani Broadway kuanzia mwaka 1927. Studio ya Universal ilipoamua kutengeneza filamu, hakuwa chaguo lake la kwanza, naye aliitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba. Studio ikaijua kiu yake, ikampa dola 500 kwa wiki kwa wiki saba. Jumla dola 3,500. Mwenzake David Manners, ambaye leo ni wachache wanaomkumbuka, anatajwa kulipwa dola 2,000 kwa wiki katika filamu hiyohiyo. Dracula ilitoka Februari 1931 na kuiingizia Universal fedha nyingi. Oktoba 1932, Lugosi alikwenda mahakamani kutangaza kwamba amefilisika.

"Si unaona?" atadakia mwenye imani yake. "Hata miaka miwili haikufika!" Kweli, Lugosi alikuwa na mkono mwepesi. Lakini angekuwa bahili wa kufunga senti kwenye kitambaa, angefunga ngapi? Filamu iliuzwa, ikauzwa tena, naye fungu lake liliishia kwenye wiki ya saba.

Katikati ya miaka ya 1930 filamu za kutisha zilikauka, mojawapo ya sababu ikiwa ni ukali wa wakaguzi wa filamu wa Uingereza, soko ambalo studio za Marekani zililitegemea. Lugosi akakosa kazi, akapoteza nyumba. Mwanawe alipozaliwa Januari 1938, gharama za hospitali zilisaidiwa na mfuko wa misaada wa watu wa filamu. Mwaka huohuo, ukumbi wa Regina jijini Los Angeles ulionesha Dracula na Frankenstein pamoja, na watu wakapanga foleni hadi barabarani. Universal ikazirudisha filamu hizo sokoni nchi nzima. Mtu ambaye uso wake ulikuwa ukizijaza kumbi hakuwa na mgawo katika mauzo hayo, maana mkataba wa miaka minane nyuma haukusema lolote juu ya mgawo.

Studio ilipomwita kwa ajili ya Son of Frankenstein, iliyotoka mwaka 1939, ilimpunguzia malipo kwa kuwa ilijua ana shida, na ikapanga kuzibana sehemu zake zote ndani ya wiki moja. Aliyemwokoa ni mwongozaji Rowland V. Lee, ambaye alimbakiza kazini karibu muda wote wa upigaji picha. Jina linavuta umati, mwenye jina anakatwa mshahara. Baa iko wapi katika hesabu hii?

Mofini nayo isifichwe. Ilianza kama tiba ya maumivu makali ya neva za mguu, ikageuka kuwa uraibu. Aprili 1955 Lugosi, akiwa na miaka 72, aliomba mwenyewe kulazwa katika hospitali ya serikali ya Norwalk, California, na akatoka Agosti. Uraibu ulimla mwili na akiba. Mgawo wa Dracula haukuuweza, kwa sababu mgawo huo haukuwahi kuwa wake.

Hata kaburini uso wake uliendelea kufanya kazi. Universal ilitoa leseni za bidhaa zenye sura yake ya Dracula, mjane na mwanawe wakashitaki, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba haki ya kuuza sura hiyo haikurithiwa nao. Sheria ya kuwalinda warithi ilitungwa jimboni humo miaka ya 1980. Kisha mwaka 1994 ikatoka Ed Wood, filamu ya Tim Burton, na Martin Landau akapata Oscar kwa kumwigiza Lugosi mzee, mgonjwa na mlalahoi.

Na huyu hakuwa mbumbumbu wa haki zake. Mwaka 1919 alikuwa mstari wa mbele kuunda chama cha waigizaji Budapest, na serikali ya kikomunisti ya Béla Kun huko Hungaria ilipoanguka alilazimika kuikimbia nchi. Chama cha waigizaji wa filamu Marekani kilipoanzishwa mwaka 1933, alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo. Kilichobadilisha mambo ni mgomo wa mwaka 1960, uliowapatia waigizaji mfuko wa pensheni na matibabu, pamoja na malipo kila filamu iliyotengenezwa kuanzia mwaka huo inapouzwa kwa televisheni. Waigizaji hawakuacha kunywa mwaka 1960. Mikataba ndiyo iliyobadilika. Lugosi alikuwa na miaka minne kaburini.

Sasa turudi kwetu. Amri Athuman, King Majuto wa Tanga, aliwachekesha Watanzania kwa miongo kadhaa, jukwaani, kwenye kanda, kwenye DVD na kwenye matangazo ya biashara. Alipougua mwaka 2018 ilibidi serikali na wasamaria waingilie kati apelekwe India. Ni katika ugonjwa huo ndipo mikataba yake ikawa habari ya taifa, na Dkt. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa waziri wa sanaa, akaunda kamati ya kuipitia pamoja na ya wasanii wengine. Majuto alifariki Muhimbili Agosti 8 mwaka huohuo. Kenya nako, Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi, aliyekuwa akiingia sebuleni mwa kila mtu kupitia televisheni ya taifa, alihitaji mchango wa umma kutibiwa macho, akafariki Julai 2015.

Katika biashara ya Bongo Movie utaratibu ulizoeleka: mtayarishaji anapeleka masta kwa msambazaji wa Kariakoo, anapewa fungu moja, kazi inakuwa mali ya msambazaji. Mwigizaji alishalipwa chake cha siku, mara nyingine kwa makubaliano ya mdomo tu. Kazi ikioneshwa tena miaka kumi baadaye, hakuna anayempigia simu.

Wapo wasanii walevi? Wapo, kama walivyo walimu walevi, madereva walevi na makarani walevi. Karani mlevi akistaafu anapata kiinua mgongo na pensheni yake, akipenda akainywee. Mwigizaji asiyewahi kuonja tone hapati hata senti. Kama tabia ndiyo chanzo cha umaskini wa wasanii, tofauti hii ielezwe.

Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Kijana anayeingia leo kwenye filamu aanze na maswali manne kabla ya kushika kalamu: kazi itatumika kwa muda gani, katika nchi zipi, kwenye vyombo vipi, na ikiuzwa tena nitapata asilimia ngapi. Mkataba usiojibu maswali hayo usisainiwe. Vyama vya waigizaji viugomee kwa pamoja, maana mmoja akikataa peke yake nafasi yake inachukuliwa na mwingine jioni hiyohiyo. Na wewe msomaji, namba ya kuchangia itakapokufikia tena, changia, kisha uliza hadharani nani anamiliki filamu za mgonjwa huyo na mwaka jana ziliingiza kiasi gani.